Vifaa vya mwanafunzi wa urubani jeshini: helmeti kwanza, mengine yatafuata

Kati ya vitu vyote anavyokabidhiwa mwanafunzi mpya wa helikopta katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, helmeti ya HGU-56/P ndiyo inayostahili zaidi ya nusu ya muda wako siku ya kuchukua vifaa. Sare ikikupwaya utavumilia. Helmeti isiyokukaa itakuumiza kichwa, itakunyima kumsikia mwalimu, na siku ya ajali haitakuwa mahali inapotakiwa kuwa.

Helmeti yenyewe, kazi ya kampuni ya Gentex, ni nzuri. Gamba lake ni gumu, na ndani yake kuna tabaka la polistirini linalopondeka ili kumeza kishindo. Ina vioo viwili vya uso, kimoja cheupe na kimoja cheusi. Tabaka hilo la polistirini hufanya kazi mara moja tu: likishapondeka halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyoanguka kutoka juu ya meza kwenye sakafu ya saruji irudishwe karakana ya vifaa vya usalama ikaguliwe, hata kama rangi haijachubuka. Anayeificha ili asisemwe anajidanganya mwenyewe.

Kinachogusa kichwa ni kitanda cha ndani cha plastiki chenye matabaka membamba. Fundi hukipasha moto kwenye oveni hadi kilainike, kisha hukukandamizia helmeti kichwani ili plastiki ishike umbo la fuvu lako. Kosa la kawaida hutokea hapa: mwanafunzi anavaa dakika mbili, anatikisa kichwa, anasema iko sawa. Pahali panapobana hapajitokezi kwa dakika mbili. Kaa nayo nusu saa, mikanda ikiwa imekazwa, kisha ivue utazame kwenye kioo: alama nyekundu kwenye paji la uso au utosini inamaanisha kitanda hicho kipashwe moto upya au kipunguzwe tabaka mahali hapo. Wapo wanaobadilisha na kuweka kitanda cha sponji cha Zetaliner, kisichohitaji oveni. Ni raha zaidi, lakini hakiponyi helmeti ya saizi isiyo yako.

Namna ya kuivaa nayo ina mpangilio. Legeza ukanda wa kisogoni, tanua vikombe vya masikio kwa mikono miwili, iteremshe kuanzia mbele, kaza kisogoni kwanza, ndipo ufunge ukanda wa kidevu. Ukianza na kidevu, helmeti itainuka nyuma. Jaribio lake: shika ukingo wa nyuma na ujaribu kuibingirisha kuelekea mbele. Ikikufunika macho, bado. Mchana mwanya mdogo hausumbui sana, ila mafunzo ya usiku yakifika, miwani ya kuonea gizani huongeza zaidi ya nusu kilo mbele ya paji la uso, na helmeti iliyolegea hushuka kila unapotazama chini kwenye saa na vipimo vya helikopta.

Masikio ni habari nyingine. Ndani ya helikopta ya Black Hawk kelele hupita desibeli 100, na vikombe peke yake havitoshi. Ndiyo maana kuna vile vizibo vidogo vyenye spika, vinavyofahamika kwa jina la CEP, ambavyo husokotwa kwenye ncha za sponji. Biringisha sponji iwe nyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia hadi ivimbe. Ukiiacha nusu nje, utaongeza sauti ya redio ili kufidia, na hapo unaharibu usikivu uliokuja kuulinda. Ncha zikiwa ngumu kwa nta zitupwe, ni vitu vya kubadilishwa. Waya wake ndio udhaifu wa kweli: mwembamba, na hukatika kwenye maungio kwa sababu watu huvua helmeti kabla ya kuvitoa vizibo masikioni.

Wenye miwani ya macho waombe fremu ya HGU-4/P yenye mikono iliyonyooka. Mikono minene au iliyopinda huinua sponji ya kikombe, na kelele huingia kupitia mwanya huo. Maikrofoni ikae milimita 6 hivi kutoka mdomoni. Ikiwa mbali, injini ndiyo itakayosikika ikizungumza. Na usiitegemee helmeti hii kwenye ndege ndogo ya kiraia: plagi yake ni moja, U-174/U, na maikrofoni yake ya kijeshi haiendani kiumeme na mitambo ya kiraia bila adapta maalumu.

Vioo visafishwe kwa maji, sabuni laini na kitambaa cha pamba. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia hutia vioo hivi nyufa ndogo ndogo ambazo utaziona siku utakapoelekea jua. Begi la helmeti ni zuri na lina sponji ya kutosha, lakini wengi huligeuza kabati: kalamu, tochi, ubao wa gotini (ule wa kuandikia unaofungwa pajani), vyote vikikwaruza kioo kimoja.

Sare ya Jeshi la Nchi Kavu, A2CU, ni ya vipande viwili. Jeshi la Anga na la Majini wanajulikana zaidi kwa ovaroli ya kijani ya CWU-27/P. Zote ni za nyuzi za Nomex, ambazo hazishiki moto kwa asili yake, si kwa dawa iliyopakwa, hivyo kufua hakuziondolei kinga. Kinachoharibu ni wanga wa kupigia pasi, klorini, na dawa ya kulainisha nguo, ambayo huacha mabaki yanayowaka. Vipande viwili ni nafuu chooni, lakini shati likiwa fupi hupanda unapofikia swichi za juu na kiuno kinabaki wazi. Ovaroli haina tatizo hilo, ila ikiwa fupi hukubana mapajani. Ijaribu ukiwa umekaa na mikono juu, si umesimama. Ndani vaa pamba, kamwe si nailoni wala poliesta, maana hizo huyeyuka na kugandia ngozini huku sare ya nje ikiwa bado nzima. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayokataza buti zenye kitambaa cha nailoni ubavuni. Buti za kurukia ziwe ngozi tupu.

Glavu za GS/FRP-2 ndizo bora kwa hisia za vidole: ngozi laini kiganjani, Nomex mgongoni. Chagua zinazobana kidogo, kwani ngozi hutanuka, na ncha tupu ya kidole hukufanya ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja. Zioshe ukiwa umezivaa, kwa sabuni laini na maji vuguvugu, kisha zikauke kivulini. Zikikaushwa kwa mashine zinasinyaa na kuwa kama ganda la mti. Mshono wa kidole gumba ndio hufumuka kwanza. Usikate ncha ili uguse skrini ya tableti; kalamu ya skrini inafanya kazi hiyo bila kuacha kidole uchi.

Ubao wa gotini ni wa kawaida tu. Kabla hujaufunga pajani, kaa kwenye kiti uvute usukani hadi mwisho kila upande. Ukigonga ubao, usogeze, au tafuta mdogo zaidi.

Usitie saini ya kupokea hadi umefungua kila zipu, umehesabu jozi, na umelinganisha saizi iliyoandikwa kwenye lebo na ile iliyo kwenye karatasi. Stoo hubadilisha kwa urahisi kitu ambacho hakijaandikwa jina lako kwa wino.