Miaka saba na Axio haibridi: risiti zangu zote

Nilipoileta nyumbani mwanzoni mwa mwaka 2018, shemeji yangu aliizunguka mara mbili, akainama kuchungulia uvunguni, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa betri ikifa?" Sikuwa na jibu. Nikajifanya natafuta funguo mfukoni.

Jibu nililipata miaka mitano baadaye, tena kwa kulilipia. Ila kwanza niseme gari lenyewe.

Ni Toyota Corolla Axio Hybrid ya mwaka 2013, bodi ya NKE165, sedani nyeupe ya kawaida kabisa. Huo ndio mwaka Axio ilipotoka kwa mara ya kwanza ikiwa haibridi, yaani injini ya petroli ikisaidiana na mota ya umeme yenye betri yake kubwa, kwa hiyo yangu ni ya mwanzo mwanzo. Injini ni 1NZ-FXE ya cc 1,496. Fundi aliyezoea magari mengine akifungua boneti hukaa kimya kidogo, kwa sababu haoni alteneta, haoni stata, haoni hata mkanda mmoja. Pampu ya maji inaendeshwa na umeme, kompresa ya AC hali kadhalika. Niliitoa yadi ikisoma kilomita 78,000, leo imevuka 213,000. Bei niliyonunulia sitaitaja, mke wangu atasoma.

Nakaa Kibamba, kazi iko Posta, Dar es Salaam. Anayeijua Morogoro Road saa kumi na mbili asubuhi hahitaji maelezo zaidi.

Na hapo kwenye foleni ndipo gari hili lilipo na akili. Kimara hadi Ubungo mnatambaa, mnasimama, mnatambaa. Injini imezimika, AC inapuliza vilevile, redio inaimba, na kinachosikika ni matairi tu juu ya changarawe. Chaji ikishuka injini inaamka yenyewe, inanguruma dakika moja au mbili, inalala tena. Jambo moja nililojifunza kwa kuchelewa: usiweke gia kwenye N mkiwa mmesimama. Kwenye N gari halichaji hata injini ikiwa inaunguruma, na ukikaa hivyo foleni nzima unaimaliza betri bure. Acha kwenye D, kanyaga breki, basi.

Makaratasi ya Japani yanasema kilomita 33 kwa lita. Hiyo sahau. Mimi nina daftari kwenye droo ya gari. Najaza hadi pampu ijikate yenyewe, naandika kilomita, nagawanya. Siku za kazi napata 20 hadi 21. Nikiwa na subira na mguu mwepesi, 22. Safari ndefu kwa mwendo wa 100 na watu wanne ndani inashuka hadi 18. Yaani mjini inakula kidogo kuliko safarini, kinyume cha gari nililokuwa nalo kabla, la cc 1,800, ambalo mjini lilikuwa linanipa 10, likijitahidi sana 11. Kwa kilomita zangu 18,000 za mwaka, tofauti ni kama lita 800. Tangu mwaka 2022, zile Jumatano za mwanzo wa mwezi EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei, hata lita ilipovuka shilingi 3,000, mimi nimekuwa nasikiliza bila presha kama ya zamani. Ni shilingi milioni mbili na ushee kwa mwaka. Ikumbuke hesabu hiyo, nitairudia.

Lakini kama unaishi Makambako au Njombe na foleni unaiona kwenye taarifa ya habari, nunua Axio ya petroli tupu. Sisemi kwa dharau, ni hesabu tu. Haibridi inalipwa na kusimamasimama.

Kwetu ni Iringa, hivyo kila Desemba gari linaonja mlima wa Kitonga. Kupanda siyo raha. Betri inasaidia kilomita chache za mwanzo, vijiti kwenye skrini vinapungua kimoja kimoja, halafu injini inabaki peke yake ikilia kwa sauti moja ndefu, maana hakuna gia za kubadilika. Abiria mgeni lazima aulize kama gari limeharibika. Halijaharibika, na huwa linafika juu. Kurudi ndiko kuna somo. Ukishuka umeachia mafuta, magurudumu yanazungusha mota na betri inajaa haraka. Ikishajaa haina pa kuweka umeme mwingine, na ule mshiko wa mota uliokuwa unauhisi unapungua, kazi inabaki kwa breki za kawaida. Mara ya kwanza nilifika chini breki zinanuka. Siku hizi nikianza kushuka naweka gia kwenye B mapema. Injini inaanza kuzunguka bila kuchoma mafuta, inanguruma kama inapanda, na ndiyo inayoshika gari. Ile B siyo ya kuendeshea mjini kama wengine wanavyodhani, ni ya milima.

Sasa betri.

Kuanzia katikati ya mwaka 2022 nilikuwa nasikia feni ikivuma nyuma, chini ya kiti, kila jua likiwa kali. Nikadhani ndivyo ilivyoumbwa. Januari 2023 tunarudi kutoka Iringa, watu watano, buti limejaa mchele na viazi, na kiti cha nyuma watoto wamelundika mablanketi hadi miguuni. Tumeipita Chalinze kidogo, saa nane mchana, ikawaka pembetatu nyekundu kwenye dashibodi pamoja na taa ya injini, na gari likawa zito kama linavuta trela. Tukaegesha chini ya mwembe. Baada ya nusu saa likakubali kutembea, tukafika Kibamba kwa mwendo wa baiskeli ya mzee.

Gereji ya kwanza waliipima, wakatoa msimbo wa hitilafu P0A80, wakaniambia bila kufungua chochote kwamba betri imekufa, mpya ni milioni nne na nusu, na nisipoibadilisha itaunguza na injini. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikachukua funguo zangu. Betri kubwa haiunguzi injini.

Wa pili alikuwa kijana mmoja wa Tabata ambaye nilielekezwa na dereva wa teksi mtandao, maana hao ndio wanaozitesa haibridi na wanajua nani anazitibu. Nilimpenda kabla hajafanya kitu, kwa jinsi alivyoanza. Alivaa glavu nene za mpira, akachomoa plagi ya usalama ya betri, akaiweka mfukoni mwake, kisha akakaa kwenye ndoo na kunywa chai. Nikamuuliza tunasubiri nini. "Dakika kumi, kaka. Umeme ulioko kule mbele lazima ufe wenyewe." Zile nyaya za rangi ya chungwa siyo urembo. Betri yenyewe ni volti 144, na kule mbele inapandishwa hadi 520. Ukimwona fundi anazishika mkono mtupu kwa kujiamini, ondoa gari lako.

Alipong'oa kile kichungio cha hewa chini ya kiti cha nyuma nilitamani ardhi inimeze. Kilikuwa kimeziba kabisa: vumbi lililogandamana kama sponji, nywele, maganda ya karanga, karatasi ya pipi, na nyuzi za blanketi. Feni ilikuwa inavuma miezi yote ile ikijaribu kuvuta hewa kwenye ukuta. "Hii haikufa kwa uzee tu," akasema, "hii imekosa pumzi."

Ndani kuna vipande ishirini, mafundi wanaviita seli, kila kimoja volti 7.2, vimebanwa pamoja kama mikate kwenye mfuko. Vile vibati vya shaba vinavyoviunganisha vilikuwa vimeota kijani. Alipima kimoja kimoja akiwa amekipa mzigo wa taa ya mbele, akakuta vitatu vimechoka, vyote vya katikati ambako joto halina pa kutokea. Akaniambia ukweli: "Naweza kukubadilishia hivi vitatu kwa laki mbili na nusu, lakini vingine navyo ni vya umri uleule. Sikuhakikishii mwaka." Nikachagua rahisi. Ilinipeleka miezi mitano, pembetatu ikarudi, safari hii kwa seli nyingine.

Hapo ndipo nikanunua betri nzima ya mtumba, iliyotoka kwenye gari la mwaka wa karibu zaidi lililogongwa mbele. Kabla ya kulipa aliifunga kwenye gari langu, tukachomeka kile kidude cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari, tukazunguka Tabata nzima, yeye anaendesha mimi nasoma namba kwenye simu. Akikanyaga mafuta na akiachia, volti za seli zilikuwa zinapanda na kushuka pamoja, hakuna iliyobaki nyuma. Shilingi milioni moja na laki tisa, na ufundi laki moja na nusu. Imetembea hadi leo bila tatizo. Turudi kwenye ile hesabu ya mafuta: mwaka mmoja umelipa betri na chenji ikabaki. Shemeji, hilo ndilo jibu lako, ingawa laki mbili na nusu za zile seli tatu niliziteketeza mwenyewe.

Kichungio nakisafisha kila mwezi kwa mswaki wa zamani. Na kiti cha nyuma hakuna tena kula karanga.

Kilichonisumbua kuliko betri kubwa ni betri ndogo, ile ya volti 12. Iko huko nyuma, na kazi yake ni kuamsha kompyuta tu. Ikilegea, hata betri kubwa iwe imejaa pomoni, gari ni jiwe. Ilinikuta nje ya kanisa Jumapili moja. Mlinzi na vijana wanne wakaja, "Tusukume, bosi, litashika." Nikawaambia halisukumiki. Wakanitazama kwa huruma. Aliyetuokoa ni dereva wa bodaboda. Tulivuta nyaya kutoka kwenye betri ya pikipiki hadi kwenye nukta ya kubusti iliyopo mbele kwenye boksi la fyuzi, nikabonyeza, gari likawaka READY. Lile kundi halijaamini hadi leo. Inawezekana kwa sababu betri ndogo haizungushi injini, hiyo ni kazi ya betri kubwa. Kwa sababu hiyohiyo usikubali kumbustia mwenye lori kwa haibridi yako, utaunguza vitu vya gharama. Na ukibadilisha, tafuta ile iliyofungwa kabisa au yenye mrija wa kutolea hewa nje, kwa kuwa inakaa ndani na watu.

Mafundi. Wengi ni wazuri, tatizo ni mazoea. Mmoja aliniwekea oili nzito, 20W-50, "kwa sababu gari limeshazeeka." Injini hii inazimika na kuwaka mara mamia kwa siku, inataka oili nyepesi ya 0W-20 inayofika juu haraka. Daftari langu likaonyesha kushuka kwa karibu kilomita mbili kwa lita hadi nilipoimwaga. Mwingine alitaka kuongeza gesi ya AC pamoja na oili ya kompresa ya kawaida. Kompresa ya haibridi ni ya umeme mkubwa, oili yake ni ya aina isiyopitisha umeme, ukichanganya umeua kompresa. Nilimzuia chupa ikiwa mkononi. Wa tatu, gereji nyingine kabisa, alinipa ofa ya kunitolea masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi ambayo yana soko, "yasikuzibie injini". Nilijua anakoyapeleka kuyauza.

Breki ni habari njema. Pedi za mbele nilizokuta nazo nilizibadilisha gari likiwa na kilomita 160,000, maana mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Diski ndizo zilizoliwa na kutu kabla hazijaliwa na pedi, kwa hiyo mara mojamoja nafunga breki kwa nguvu barabara ikiwa tupu, zijisugue.

Maji ya mvua siyachezei. Betri iko chini ya kiti, na bonde la Jangwani likijaa maji nageuza hata kama gari la mbele ni dogo kuliko langu na limepita.

Mengine ni ya umri tu na yangelipata gari lolote. Bushi za mbele mara mbili, beringi ya gurudumu la nyuma, skrini inayoongea Kijapani ambayo sijui hadi leo inalalamikia nini kila asubuhi.

Mwezi uliopita dalali mmoja aliliona limeegeshwa, akalisifia bodi, akafungua mlango, akaliona neno Hybrid nyuma ya buti, na bei aliyokuwa ananiambia ikashuka milioni mbili na nusu papo hapo. "Hizi watu wanaziogopa, mzee." Nikamwonyesha risiti ya betri. Akasema risiti haiuzi gari. Nimemwelewa, na silaumu, mimi mwenyewe mwaka 2018 nilitumia woga huohuo hadi yadi wakanishushia bei. Jumamosi hii linaingia kwa yule kijana wa Tabata kubadilishwa shokapu za nyuma na oili ya gia boksi, kwa sababu Desemba kuna Kitonga.