Ekskaveta ya tani 20 iliyotumika: PC200, 320 au ZX200, na jinsi ya kuikagua kabla ya kulipa

Ekskaveta ikishapita saa 8,000 za kazi, jina lililoandikwa ubavuni lina uzito mdogo kuliko hali ya cheni na pampu zake. Komatsu iliyotunzwa itaiacha mbali Caterpillar iliyochoka, na kinyume chake ni hivyo hivyo. Lakini majina yana tofauti zake, nazo ndizo zinazokuelekeza wapi pa kukazia macho zaidi, kwa hiyo tuanze hapo.

Mifano mitatu imejaa kwenye yadi za mitambo iliyotumika: Komatsu PC200, Caterpillar 320 na Hitachi ZX200. Zote zina uzito wa tani 20 hadi 22, injini ya kilowati 100 hadi 120 hivi, na pampu kuu mbili zinazosukuma kwa pamoja zaidi ya lita 400 za oili ya haidroliki kwa dakika. Kwa kazi ya kuchimba mitaro, misingi na kupakia malori, opereta mzuri hataona tofauti kubwa kati yao. Ukiona herufi LC mwishoni mwa jina la Komatsu au Hitachi, au L kwa Caterpillar, jua fremu ya chini ni ndefu zaidi: mashine inakaa imara ikinyanyua mzigo, ila ina viungo vingi zaidi vya cheni vya kubadilisha siku ikifika. Hiyo ndefu ikiwa na pedi (mabati ya cheni yanayokanyaga ardhi) pana za milimita 800 huzidi mita 3 kwa upana, jambo la kukumbuka kabla ya kuita lori la kuibeba.

Swali zito zaidi ni la kizazi. PC200-7, 320C na ZX200 ya mwanzo zina injini za silinda 6 zenye pampu ya dizeli ya kimekanika: 6D102 ya Komatsu, 3066 ya Caterpillar na 6BG1 ya Isuzu. Waliofuata, yaani PC200-8, 320D na ZX200-3, wana mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja la pamoja lenye dizeli ya presha kubwa, linalolisha injekta zinazoongozwa na kompyuta. PC200-8 ina injini ya 6D107 ya lita 6.7, 320D ina C6.4, na ZX200-3 ina Isuzu 4HK1 ya silinda 4 na lita 5.2. Komoni reli hutumia dizeli vizuri na moshi wake ni mchache, lakini haina subira na dizeli yenye maji au vumbi. Injekta zake (vinyunyizio vya dizeli) zina nafasi ndogo mno kati ya sehemu zake za ndani, na seti nzima ikiharibika ni gharama ya kukukalisha chini. Kizazi cha zamani huvumilia zaidi. Ugonjwa wake wa kawaida uko kwenye kimota cha umeme kinachovuta waya wa mafuta: kikifa, injini hubaki kwenye mzunguko mmoja hata uzungushe kitufe namna gani. Hiyo ni hitilafu ndogo, na wakati mwingine humshusha muuzaji bei kuliko inavyostahili.

Siku ya ukaguzi, fika kabla mashine haijawashwa, na mwambie mwenye mali mapema kwamba unataka injini baridi. Gusa bloku. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameiamsha kabla yako, na kilichofichwa huenda ni ugumu wa kuwaka au wingu la moshi mweupe la dakika za kwanza. Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta utazame utando wa oili juu ya maji, vuta kijiti cha oili ya injini uone kama imegeuka rangi ya maziwa, kisha fungulia kidogo kizibo cha chini ya tangi la dizeli. Kikombe kimoja cha maji machafu hapo, kwenye mashine ya komoni reli, ni sababu tosha ya kudai injekta zipimwe.

Injini ikishapata joto, iache kwenye mzunguko wa chini, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukilaze juu ya mdomo wake. Kikitetemeka tu, sawa. Kikirushwa, gesi ya mwako inapita pembeni mwa ringi na kuingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), maana yake pistoni na silinda zimelika. Moshi mweusi unaokatika baada ya sekunde moja au mbili injini inapobebeshwa mzigo ni wa kawaida. Usiokatika unaashiria filta ya hewa, turbo au injekta. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata baada ya nusu saa ni dizeli isiyoungua, au maji. Kwenye ZX200-3 uliza pia kama maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, kwa sababu injini hiyo hurudisha sehemu ya moshi ndani kupitia kipoza chake, na kipoza kikitoboka maji huishia kwenye injini.

Sasa piga magoti. Sehemu ya chini inaweza kumeza hadi nusu ya pesa zote za matengenezo katika maisha ya ekskaveta ya cheni, na ndiyo ambayo rangi mpya haiwezi kuificha mbele ya tepu ya kupimia. Cheni lazima ivutwe ndipo upime: weka kipande cha mbao ngumu kati ya cheni na meno ya sproketi (gurudumu linaloizungusha), opereta asogeze mashine taratibu hadi upande wa juu ukaze, kisha azime injini kabla hujaingiza mkono. Pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya nne baada yake, ukiikwepa pini ya kuungia. Katika mashine za ukubwa huu kiungo kimoja kipya kina milimita 190 hivi, kwa hiyo viungo vinne ni kama 760. Ukipata 772 au zaidi, bushi (mirija ya chuma inayovaa pini) zimelika kwa ndani na cheni imefika mahali pa kugeuzwa pini na bushi, au kutupwa. Pima pande zote mbili na sehemu mbili tofauti kwa kila upande.

Halafu hesabu pedi, kulia na kushoto. Cheni iliyorefuka hulegea, na silinda ya grisi inayosukuma aidla (gurudumu la mbele la cheni) ikishafika mwisho, njia ya mkato ni kutoa kiungo kimoja ili ikaze tena. Muuzaji anapata cheni inayoonekana imekaa vizuri, wewe unapata cheni iliyokwisha juu ya sproketi isiyolingana nayo. Hesabu ikipishana kati ya pande mbili, au ikiwa pungufu ya ile ya kwenye kitabu cha mashine, umepata jibu. Tazama pia aidla imesogea mbele kiasi gani kwenye fremu.

Mbavu za pedi zikiwa mpya husimama karibu milimita 26. Zikibaki 16 hivi zinateleza kwenye tope na pedi zinaanza kupinda. Meno ya sproketi yaliyochongoka kama ndoana hayasameheki, na usikubali ahadi ya kufungiwa cheni mpya juu yake, maana sproketi kuukuu huila cheni mpya kwa kasi. Rola zitazamwe moja moja: oili iliyokauka pembeni, ukingo uliolika, rola isiyozunguka na iliyolika upande mmoja tu. Nyanyua upande mmoja kwa kukandamiza baketi ardhini, zungusha cheni hewani na usikilize giaboksi ya kutembelea. Mlio wa kukwaruza si wa kujadiliana. Kizibo chake cha oili kifunguliwe mashine ikiwa imetulia: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole ni beringi au gia inayovunjika, na oili yenye rangi ya maziwa ni maji yaliyopita kwenye sili (pete ya kuzuia uvujaji).

Beringi kubwa ya kuzungushia sehemu ya juu ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo isiyobadilishwa bila krini. Bandika geji ya saa (kipimo chenye mshale cha sehemu za milimita) yenye sumaku kati ya fremu ya chini na ya juu, upande wa mbele. Soma wakati bumu (mkono mkuu unaotoka kwenye mashine) limenyooshwa hewani, soma tena baada ya kukandamiza baketi hadi mbele ya mashine inyanyuke. Tofauti ya milimita 1 hadi 1.5 ni ya kawaida. Ikizidi 3, beringi imekwisha. Rudia ukiwa umegeuza sehemu ya juu, kwani uchakavu hujikusanya pale mashine ilipozoea kuchimbia. Fungua kifuniko kidogo cha karibu na gia uone grisi: ikiwa na maji au vipande vya chuma, ndani hamkutunzwa. Kijiti cha giaboksi ya kuzungusha nacho kina habari. Oili ikizidi alama na ikiwa nyepesi kupita kawaida, sili ya shafti ya mota imepasuka na oili ya haidroliki inashuka humo.

Haidroliki isipimwe baridi. Oili nzito huficha uvujaji wa ndani, kwa hiyo mashine ifanye kazi angalau nusu saa, tangi lifike nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Kisha chukua saa. Kwa mzunguko wa juu wa injini, bumu linyanyuke kutoka ardhini hadi mwisho kwa sekunde 3 hadi 4. Mzunguko mmoja kamili wa sehemu ya juu, ukishashika kasi, uchukue sekunde 5 hivi. Kwa mwendo wa haraka, mita 20 zikatike kwa sekunde 13 hadi 14, na mashine isiende kombo zaidi ya sentimita 30 katika umbali huo. Kila kitu kikiwa kizito, shaka iende kwenye pampu, valvu kuu ya presha, au injini isiyo na nguvu. Tendo moja tu likiwa zito, tatizo liko kwenye silinda, mota au valvu ya tendo hilo. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, wakihukumu pampu imekufa kumbe ni valvu moja yenye uchafu.

Geji ya presha huondoa ubishi. Mashine hizi zimewekwa karibu baa 345 kwenye mzunguko mkuu wa oili, na baa 30 hadi 40 kwenye ule mdogo unaoongoza valvu. Presha kuu ikifika lakini mwendo ukiwa wa pole, pampu huenda inavujisha kwa ndani. Pima oili inayorudi kutoka kwenye kasha lake ulinganishe pampu moja na nyingine. Kisha nyanyua baketi yenye udongo, nyoosha mkono (kipande kati ya bumu na baketi), zima injini, weka alama kwenye fimbo za silinda na usubiri dakika 5 bila mtu kukaa chini yake. Silinda ya bumu ikirudi zaidi ya milimita 10 hivi, sili au valvu inapitisha.

Omba filta ya kurudishia oili ikatwe mbele yako. Chembe za rangi ya dhahabu ni shaba ya viatu vya pistoni za pampu au mota, na pampu iliyoanza kujila hupeleka uchafu huo kwenye kila valvu. Ukinunua mashine hiyo umenunua pampu pamoja na kusafisha mfumo wote. Kama kuna maabara ya kupima oili unayoweza kuifikia, chukua sampuli za injini, haidroliki na giaboksi zote. Silika nyingi ni vumbi lililoingia, sodiamu mara nyingi ni maji ya rejeta.

Tafuta mabomba ya ziada kando ya bumu. Hayo ni ya nyundo ya kuvunjia mwamba. Kuwapo kwake si kosa, ila saa 5,000 za nyundo si sawa na saa 5,000 za udongo: oili huchafuka haraka zaidi, pini hulegea na chuma cha mkono hupasuka. Kwa tochi, fuata mistari ya kuchomelea kwenye shina la bumu, masikio ya silinda, na ncha ya mkono inaposhika baketi. Bati lililopachikwa juu ya jingine, au rangi mbichi mahali pamoja tu, likwanguliwe. Gusisha baketi chini na kuinyanyua taratibu huku ukitazama pini: bushi za baketi hubadilishwa kirahisi, za shina la bumu hazina urahisi huo.

Saa za kwenye dashibodi ziamini mwisho kabisa. Kwenye vizazi vya komoni reli, fundi mwenye kifaa cha uchunguzi anaweza kusoma saa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta na hitilafu zilizowahi kutokea. Mita ikisema 6,000 na kanyagio zimelika hadi chuma, msomee muuzaji namba zote mbili. Hozi nyingi zina tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa juu yake, na zikiwa zote za mwaka mmoja wa karibuni uliza kwa nini zilibadilishwa kwa mkupuo. Namba ya kibao ilingane na iliyogongwa kwenye fremu na ya kwenye hati.

Kwa mahali penye dizeli ya mashaka na mafundi wasio na kompyuta, tunachagua PC200-7 au 320C yenye cheni ya nusu maisha kuliko PC200-8 iliyopakwa rangi. Kwa kazi ya saa nyingi kila siku, yenye dizeli iliyochujwa, PC200-8 na 320D zinarudisha pesa kwa mafuta. ZX200-3 ni laini kuliko zote mkononi mwa opereta, na tungeichukua bila wasiwasi mradi kipoza cha moshi kimepimwa kwa presha na mwenye mali amekubali filta ikatwe.