MacBook ya M1 au ya Intel kwa video na programu?

Tangu Apple ilipotoa chipu yake ya M1 Novemba 2020, anayetafuta MacBook iliyotumika hukwama palepale: achukue M1, au ya Intel yenye RAM nyingi?

Kwa anayehariri video, mimi sioni mjadala. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa. Unakata vipande vya 4K, unarekebisha rangi, chumba kimya. Ya Intel ikianza kutoa faili la mwisho, feni inavuma na mapaja yanapata moto. Umeme nao ukikatika, M1 ndiyo yenye nafasi nzuri ya kumaliza kazi kwa betri.

Kwa mwandishi wa programu, mambo yana kona. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Intel hupitia Rosetta 2, ambayo huzitafsiri, na nyingi huoni tofauti. Taabu iko kwenye Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo imeji: imeji ya amd64 (aina ya chipu za Intel) isiyo na toleo la arm64 (aina ya M1) itatembea kwa kuigiza chipu ya Intel, polepole, na pengine itagoma. Kagua kwanza zile za kazini kwako. Windows kupitia Boot Camp, njia ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac? Sahau, hiyo ni ya Intel tu.

RAM ya M1 inaishia GB 16, na huongezi baadaye. MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019 ilifika GB 64, kwa hiyo anayewasha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta) tatu kwa mpigo ana sababu ya kubaki alipo. Wengine ningewaambia wahame, ila wasidanganywe na bei ya GB 8.