Filta ya maji ya nyumba nzima: koki tatu zilizoniokoa

Habari zenu wadau. Leo niko nyuma ya nyumba, hapa Sakina, Arusha. Hii mnayoiona ukutani ni filta ya maji ya nyumba nzima, kopo la inchi 10, mdomo wa inchi moja, chujio la maikroni 5. Huu mwezi wa nane ninayo. Filta yenyewe inafanya kazi, sina ugomvi nayo. Nilichowaitia ni haya mabomba yaliyoizunguka.

Fundi wa kwanza aliifunga moja kwa moja kwenye bomba la kutoka mita kwenda tenki. Njia ya pembeni, ya kupitisha maji bila kupitia filta, hakuweka, na mimi nikamlipa nikijua kazi imeisha. Masika ikaingia. Mgao wetu huja usiku; usiku mmoja maji yakaja na tope, chujio likaziba, sisi tumelala. Asubuhi tenki kavu! Nilioga kwa ndoo ya jirani.

Sogea hapa karibu, dogo. Tii mbili, yaani viungio vya njia tatu, na koki tatu: moja kabla ya filta, moja baada yake, na hii iliyopita juu, ndiyo njia ya pembeni. Siku zote hizi mbili ziko wazi, ya juu imefungwa. Nikibadilisha chujio nageuza: nafunga mbili, nafungua ya juu, tenki linaendelea kujaa. Kisha nabonyeza kitufe chekundu, pssss, presha yote nje, ndipo naweka ufunguo wa kopo. Bila hivyo kopo halifunguki ng'o.

Mwambie fundi aweke yunioni, kile kiungio cha kufungulika, pande zote mbili, maana bomba la plastiki la PPR likishaunganishwa kwa kuchomwa ni kukata tu. Chini ya kopo aache nafasi, la sivyo halitatoka. Na ile ringi ya mpira msiipake mafuta ya mgando, inavimba. Pakeni grisi ya silikoni.

Kasoro? Ufunguo wa plastiki uliokuja nayo ulipinda mara ya pili tu. Halafu kopo ni angavu, jua likalipiga, ndani kukaota kijani. Ndiyo maana mnaona nimelivisha gunia. Limekaa kishamba, lakini linasaidia.

Sasa hili la meno. Muuzaji aliniapia kwamba filta hii inaondoa floridi, ile madini inayotia meno rangi ya kahawia ikizidi. Uongo! Floridi imeyeyuka ndani ya maji, chujio la tope haliishiki. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna visima vinavyopita hapo mbali. Ya kunywa mimi napitisha kwenye mkaa wa mifupa, ule ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia miaka mingi.

Haya, chujio jipya limeingia. Dogo, fungua ya kwanza taratibu. Taratibu! Ngoja hewa itoke... Ona, yunioni ya chini inatokwa machozi. Nipe spana.