Poliyurethani au epoksi: ipi ya kumiminia makapi ya jahazi dogo?

Anayeunda mfano wa jahazi hapa Unguja hasumbuliwi na mbao. Kinachomchosha ni vidude: makapi ishirini (vile vidude vya kupitishia kamba za tanga) ya milimita 5, yote yafanane. Kwa hiyo unachonga moja tu kwa uangalifu, unalitengenezea kalibu ya silikoni, na yaliyobaki unayamimina kwa rezini, yaani vimiminika viwili vinavyochanganywa vikawa kitu kigumu. Sasa rezini ipi?

Poliyurethani ni ya wenye haraka. Aina nyingi huchanganywa nusu kwa nusu, na mara nyingi kapi hutoka kwenye kalibu hata nusu saa haijafika. Adui yake ni maji. Ikipata unyevu hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, kapi likajaa vitundu kama mkate wa kumimina. Masika moja nilifungua kopo dirisha likiwa wazi, nje mvua inapiga. Makapi kumi na mawili yakaishia jaani. Na hilo kopo, likishafunguliwa, halikai.

Epoksi haina papara. Huenda ukaingoja saa 24, na ukikosea vipimo itabaki inanata milele. Ukimimina nyingi kwa mpigo hupata moto. Lakini unyevu wetu inauvumilia zaidi, basi masika natumia hiyo. Poliyurethani naiweka kipupwe.

Vumbi la msasa la zote mbili si la kuvuta, vaa barakoa. Gundi ya modeli za plastiki pia haizishiki, tumia supaglu.