Ukinunua .22 ya kwanza, kagua darubini kabla ya mtutu

Hamjambo nyote, karibuni. Leo ni bunduki ya kwanza ya kuwinda wanyama wadogo pamoja na darubini yake. Kabla mtu hajauliza, "Nyinyi mko Nakuru, mnawinda wapi?": hatuwindi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza kamba zaidi. Hata kanga wa kichakani kule Bahati au sungura wa Rongai, mwache aende zake. Bunduki zote mtakazoona leo ni picha kwenye skrini.

Video hii ni yenu mlioko ng'ambo. Watu wa Kisii, Kakamega, Kisumu na hapa Nakuru mmejaa Minnesota na Texas, mwenzako wa kazini anakualika mkawinde kuchakuro, nawe unaingia dukani hujui uanzie wapi. Na wewe uliye hapa nyumbani una cheti chako cha kumiliki silaha, unapiga shabaha ya karatasi tu, kaa nasi. Habari ya darubini ni ileile.

Karatasi kwanza. Ukiwa Marekani na viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya nchi nzima inakukataza kushika bunduki, hata ya kuazimwa na rafiki, mpaka uwe ndani ya moja ya nafasi chache zilizoruhusiwa. Nafasi inayowahusu wengi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kwa hiyo leseni inatangulia, duka linafuata. Mwenye green card hana kizuizi hicho. Minnesota, kama umezaliwa baada ya 31 Desemba 1979, leseni ya kawaida hupati bila cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Texas kuna mafunzo yao kwa waliozaliwa tangu 2 Septemba 1971. Msiyaone kama usumbufu. Mle ndani ndimo utafundishwa kuvuka ua ukiwa na bunduki, na hilo hakuna video itakayokufundisha sawasawa.

Haya, risasi. Kwa mara ya kwanza ni .22 Long Rifle, risasi ndogo ya upana wa inchi 0.22 hivi, basi. Risasi hii imekuwepo tangu 1887, na kila duka la silaha Marekani inayo. Kichwa cha kawaida kina uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6. Kuna ya mwendo wa kawaida, mita 325 hivi kwa sekunde, iliyo chini ya mwendo wa sauti, na kuna ya kasi, mita 375 hivi. Ile ya kasi inavunja mwendo wa sauti, ndiyo maana inapasua masikio. Ya kawaida inatoa mlio mdogo na mara nyingi inapiga kwa usawa zaidi.

Muuzaji atakuonyesha .17 HMR, risasi nyembamba kuliko .22. Ilitoka 2002, kichwa cha greni 17 kinachokimbia karibu mita 777 kwa sekunde, na inapiga mbali bila kushuka sana. Ni risasi nzuri, ila bei yake iko juu na inararua nyama ya mnyama mdogo. Mwanafunzi anahitaji kupiga risasi nyingi, si risasi ghali. Iache mwaka wa kwanza.

Sasa bunduki. Ruger 10/22 ndiyo maarufu kuliko zote, ipo tangu 1964. Inajipakia yenyewe, magazini yake inabeba 10, na vipuri vyake ni kama vya Probox, havikosekani. Lakini kwa anayeanza, mimi sipendekezi. Inayojipakia inakufundisha kufyatua haraka, na ukitumia risasi za mwendo mdogo mara nyingine haina nguvu ya kutosha kurudisha bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ganda linakwama mlangoni. Halafu kuna kosa linalowapata wengi. Unachomoa magazini, unaamini bunduki iko tupu, kumbe risasi moja ilishapanda chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Magazini ikitoka, vuta bolti, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole.

Chagua ya bolti, unayoivuta kwa mkono. CZ 457 ya Ucheki ndiyo naiweka mbele. Bolti inanyanyuka nyuzi 60 tu, kwa hiyo mkono haugongi darubini, uzito wa kifyatuo unarekebishika, na magazini ya kawaida ni risasi 5. Ukiona bei inakuzidi, Savage Mark II yenye kifyatuo wanachokiita AccuTrigger inapiga vizuri kuliko sura yake. Mbao zake na bolti yake si laini, utasikia inakwaruza kidogo. Kuchakuro hajali.

Ukiichukua CZ, juu yake kuna mfereji wa milimita 11 uliochongwa kwenye chuma chenyewe. Pete za kushikia darubini za Weaver au Picatinny, aina za reli pana, hazikai hapo. Watu wananunua darubini na pete kwa pamoja kwenye mtandao, mzigo unafika, pete hazishiki, basi wanaanza kufinya skrubu kwa nguvu mpaka uzi unakatika. Agiza pete za milimita 11, na kipenyo chake kilingane na bomba la darubini. Bomba ni inchi moja, yaani milimita 25.4, au milimita 30. Hakuna katikati.

Sasa tufike palipo na kazi. Darubini nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa bunduki kubwa, na kioo chake kimepangwa kwa yadi 100 (mita 91) au zaidi. Kuchakuro unampiga mita 20 hadi 50. Hapo ndipo paralaksi, yaani msalaba wa kulengea kuhama juu ya shabaha jicho likisogea, inapokuingiza hasara.

Jaribu hivi dukani. Weka darubini juu ya kitu kisichotikisika, elekeza msalaba kwenye alama iliyo kama mita 25, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia bila kugusa chochote. Ukiona msalaba unaogelea juu ya alama, darubini haijapangwa kwa umbali huo. Kwa darubini ya kioo cha milimita 40 iliyopangwa yadi 100, jicho likikaa ukingoni kabisa unaweza kukosea mpaka sentimita moja na nusu kwenye mita 25. Kichwa cha kuchakuro ni sentimita nne hivi kwa upana. Piga hesabu mwenyewe. Mtu anapiga risasi kumi, tundu zinatawanyika kama mahindi ya kuku, analaumu mtutu, anabadilisha risasi, anauza bunduki. Shida ilikuwa shavu lake kukaa mahali tofauti kila mara.

Kwa hiyo tafuta darubini iliyoandikwa rimfire, yaani ya risasi zinazogongwa ukingoni kama .22, na iliyopangwa yadi 50, au yenye pete ya kuzungusha mbele ya kioo unayoweza kushusha mpaka umbali huo. Vortex Crossfire II ya 2-7x32 (ukuzaji wa mara 2 hadi 7, kioo cha mbele cha milimita 32) ipo ya namna hiyo, na Leupold wana VX-Freedom ya rimfire. Kati ya 2-7x32 na 3-9x40, mimi naenda na ndogo. Ukubwa wa mara 9 msituni unaonyesha jani moja na mapigo ya moyo wako. Mara 2 unamwona mnyama, mti wote, na kilicho nyuma yake. Na mwanga? Gawanya upana wa kioo kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. 32 kwa 7 ni milimita 4.6, 40 kwa 9 ni 4.4. Yaani kila moja ikiwa juu kabisa, hiyo kubwa haikuzidishii kitu jioni.

Wenye bunduki ya hewa ya springi, neno moja tu. Teke lake linarudi nyuma kisha mbele, na darubini ya kawaida inavunjika ndani. Nunua iliyoandikwa wazi kwamba ni ya bunduki ya hewa.

Kufunga. Bunduki tupu, bolti imetolewa. Pangusa mafuta mferejini na ndani ya pete, kwa sababu mafuta ndiyo yanayofanya darubini iteleze. Kaza pete za chini kwanza. Laza darubini, acha vifuniko vya juu vilegee. Sasa funga macho, inua bunduki begani unavyopiga kawaida, fungua macho. Ukiona duara jeusi pembeni, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Kwa kawaida jicho hukaa kama sentimita 9 kutoka kwenye kioo cha nyuma. Fanya hivyo ikiwa kwenye ukuzaji wa juu, maana hapo ndipo nafasi ya jicho ni finyu. Nyoosha msalaba kwa kuulinganisha na kamba iliyofungwa jiwe, ining'inie mbele yako. Fundi wa ukuta anaijua timazi, ni hiyohiyo.

Skrubu za vifuniko zikazwe kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, nafasi za pande mbili zilingane. Nguvu ni inchi-pauni 15 hadi 18, karibu nyutoni-mita 2. Ukiwa na spana ya alen peke yake, shika ule mkono mfupi kwa vidole viwili. Ukikaza kama nati za gurudumu la matatu, unabonyeza bomba, na darubini iliyobonyea haishiki marekebisho tena.

Kulenga kwenyewe. Usianze mita 50. Anza 25, kitako na mbele vikiwa juu ya mifuko ya mchanga, mtutu usiguse kitu. Bolti ikiwa nje, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma, weka duara la karatasi katikati ya tundu, kisha bila kutikisa bunduki leta msalaba pale pale kwa kuzungusha vitufe vya darubini. Rudisha bolti, vaa miwani na vizuia masikio, piga risasi 5. Usirekebishe baada ya moja. Tafuta katikati ya zote tano.

Darubini nyingi zinasogea robo MOA kwa kila kliki (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya nyuzi moja). Kwenye mita 25 hiyo ni milimita 1.8, kwenye mita 50 ni 3.6. Tuseme kundi lako liko sentimita 4 chini na 3 kushoto kwenye mita 25. Milimita 40 gawanya kwa 1.8 ni kliki 22 kwenda juu. Milimita 30 ni kliki 16 au 17 kwenda kulia. Piga tano nyingine. Ukitaka bunduki iishie sawa kwenye mita 50, hapa kwenye 25 ziache ziingie kama sentimita moja juu ya alama, halafu sogea 50 umalizie.

Mita 50 ni kiasi gani? Simama golini uwanja wa Afraha utazame mstari wa katikati. Ni hapo. Ukishalenga hapo, risasi ya mwendo wa kawaida itashuka sentimita 7 hadi 9 ukiwa mita 75, na 20 na kitu ukifika goli la pili. Karibu sana nako kuna mtego. Kwa sababu darubini iko sentimita 4 juu ya mtutu, mnyama aliye mita 5 utampiga chini ya alama kwa zaidi ya sentimita 2. Andika namba hizo kwenye karatasi, uibandike kwa selotepu kwenye kitako.

Na kijirisasi hiki si mchezo. Kinaweza kufika kilomita 2.4, viwanja vya mpira zaidi ya 20 vikipangwa mstari mmoja. Kuchakuro aliye juu ya tawi na anga nyuma yake hapigwi. Ngoja akae mbele ya shina nene. Na Minnesota ukiwinda wanyama wadogo vaa kitu cha rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa juu ya kiuno, ndiyo sheria yao.

Ukifyatua ikalia "tik" peke yake, shikilia mtutu upande salama kwa sekunde 30 kabla ya kufungua bolti, maana baruti za .22 mara nyingine huchelewa kuwaka. Ukisikia mlio dhaifu kuliko kawaida, simama kabisa. Kichwa huenda kimekwama mtutuni, na risasi ya pili inaweza kuupasua. Ondoa bolti, chungulia mwanga kabla ya kuendelea. Kufyatua chemba ikiwa tupu ili kufanya mazoezi, usifanye mpaka usome kitabu cha bunduki yako. Kwenye baadhi ya .22 pini inagonga ukingo wa chemba na kuubonyeza, baadaye maganda hayatoki.

La mwisho ni kuchagua boksi. Kila mtutu una risasi inayoupenda, na bunduki mbili za namba zinazofuatana zinaweza kupenda tofauti. Nunua aina nne au tano, boksi la 50 kila moja. Ukibadilisha aina, piga kumi hadi ishirini bila kuhesabu, kwa sababu mafuta ya risasi za awali bado yamo mtutuni, ndipo upige makundi mawili ya tano tano. Ukipata kundi linaloingia ndani ya sarafu ya shilingi 20 kwenye mita 50, tazama namba ya loti, yaani ya mkupuo wa kiwandani, iliyopigwa muhuri kwenye boksi, rudi dukani, uchukue tofali zima la 500 lenye namba hiyohiyo kabla halijauzwa.