Muvi za michezo za kutia moyo, haya ndo niliyoyaona nikiwa kaunta

Wakuu mimi nauza muvi Temeke. Zamani nilikuwa nakodisha mikanda kwenye duka la kaka yangu, zile VHS kubwa za kuingiza kwenye deki, siku hizi ni kompyuta na flashi tu, muvi moja mia tano. Na muvi za michezo watu huwa hawaziulizii kwa jina, mtu anakuja anaegemea kaunta anasema "kaka nipe ile ya kunipa mzuka", basi nishajua huyu ama kesho ana usaili ama kaachwa.

Mimi dawa yangu ya kwanza ni Rocky ile ya 1976, ya yule bondia. Mkanda wetu wa hiyo muvi ulikuwa na chenga sehemu moja tu, pale Stallone anapokimbia asubuhi Philadelphia hadi anapanda zile ngazi za makumbusho anarusha mikono juu, kwingine kote picha safi kabisa. Sababu ni kwamba watu wakifika hapo wanarudisha nyuma wanaangalia tena, wanarudisha tena, mkanda unalika palepale. Kaka alikuwa anafungua deki anasafisha hedi kwa pamba na spiriti huku anatukana wateja wote mmoja mmoja. Na yale mayai mabichi matano anayokunywa kwenye glasi, kuna dogo wa mtaani aliyajaribu, akayarudisha yote mbele ya duka letu.

Sasa kitu kimoja ambacho wengi hawakumbuki, ile ya kwanza Rocky anapigwa! Nimebishana na watu hapa kaunta mpaka jasho, mtu anaapa kwamba alishinda, kumbe anachanganya na ya pili ya 1979 au ile ya 1985 ya yule Mrusi Drago. Ya kwanza mpinzani wake Apollo anapewa ushindi kwa pointi, na majaji wenyewe hawakukubaliana wote. Steringi macho yamevimba hata matokeo hayasikilizi, anamwita mpenzi wake tu, Adrian Adrian. Na ndo hiyo naulizwa mpaka leo.

Nikaanza kuchunguza nyingine ambazo steringi hashindi. Coach Carter ya 2005, Samuel L. Jackson anafunga ukumbi wa basketi kwa mnyororo kwa sababu vijana hawajafikisha maksi walizosaini kwenye mkataba, wazazi wanamjia juu, na bado mwishoni timu inafungwa. Nina mteja mwalimu huwa anaichukua kwa ajili ya form four wake, flashi ikifutika anarudi. Cool Runnings ya 1993, Wajamaika wa Olimpiki ya baridi Calgary 1988, chombo chao cha kuteleza kinapinduka kwenye barafu wanakibeba begani hadi mwisho. Ukweli ni kwamba hawakukibeba, walitembea pembeni kinasukumwa, nilivyojua niliumia kidogo ila nikaiangalia tena na chozi likatoka vilevile. Na sisi tunaye wetu jamani, John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki Mexico 1968, kaingia uwanjani anachechemea mguu una bandeji, saa moja na dakika tano hivi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza. Mtu aitengeneze hiyo muvi vizuri niuze mpaka nijenge.

Za kushinda nazo zinatoka, sikatai. Dangal ya 2016, ile ya Kihindi ya baba anayewafundisha binti zake mieleka, kina mama wanaipenda balaa, na kile kitambi cha Aamir Khan ni chake kweli, alinenepa kwanza ndo akapungua. Ila ile kumfungia baba chumbani wakati wa fainali ni chumvi, Geeta mwenyewe, yule binti wa kweli, pale michezo ya Jumuiya ya Madola Delhi 2010 hiyo fainali alishinda bila presha. Queen of Katwe ya mchezo wa chesi nilidhani itadoda, mchezo gani watu wamekaa wanawaza, kumbe yule binti muuza mahindi wa Kampala wazazi wamemchukua sana.

Kasoro ni hizi zilizotafsiriwa. Mtafsiri hawezi kukaa kimya, pambano la kwanza tu anakwambia "huyu mtaona mwisho wake", sasa mimi naangalia nini tena?

Juzi dereva boda kachukua Rocky ya kwanza, kesho yake kaja kavimba kweli, "broo umeniuzia muvi mbovu, steringi kapigwa". Yaani alitaka mia tano yake. Nikamwekea ya pili bure ili yaishe. Siku ya tatu huyu hapa tena na flashi mkononi, anataka ile ya kwanza, eti aliifuta ili ya pili iingie. Nikamchaji mia tano nyingine.